Wanja Usio na Mwenyewe

Waswahili husema kwamba wanja wa manga si dawa ya chongo. Aghalabu methali hii hutumika kumkanya mtu anayejitahidi kufunika kasoro isiyofunikika, na wengi huishia hapo. Lakini mwenye kuipima kwa mizani ya historia ataona kwamba imebeba ushahidi mwingine. Mtu hakanushi kwamba kitu ni dawa ila pale ambapo wapo wanaoamini kuwa ni dawa. Aliyeitunga methali hii aliishi katika jamii iliyotia wanja machoni kwa nia mbili, ya kupendeza na ya kujitibu, na nia hizo hazikutengana. Hadi leo hazijatengana vyema, na ndiyo sababu mojawapo inayowafikisha wanawake wa Dar es Salaam mbele ya madaktari wa macho na wa ngozi wakiwa wamevimba kope, kila mmoja akiwa na mshitakiwa wake, ambaye mara nyingi siye.

Kinachoitwa wanja katika mwambao hakikuwa kitu kimoja tangu hapo. Upo huo wa manga, yaani uliotoka Uarabuni, Manga likiwa ndilo jina ambalo Waswahili waliipa nchi ya Omani na majirani zake. Huu ulikuja kwa majahazi ya kaskazi katika umbo la jiwe jeusi linalong'ara, likasagwa hadi likawa unga laini, ukatiwa katika kidau na kuchotwa kwa kijiti. Upo pia wanja wa masizi: utambi wa pamba ulichovywa katika mafuta au samli, ukawashwa chini ya chombo kilichoinamishwa, na masizi yaliyoganda yakakwanguliwa na kuchanganywa na mafuta kidogo. Wahindi waliokuwa jirani walijua mgawanyo uo huo kwa majina yao wenyewe, surma kwa wanja wa jiwe na kajal kwa wa masizi, na baadhi yao waliongeza kafuri ili jicho lipate ubaridi na kutoa machozi. Machozi hayo yalihesabiwa kuwa uchafu unaotoka. Hapo ndipo ilipojengeka imani, ambayo bado haijatoka vinywani mwa watu, kwamba wanja usiowasha haufanyi kazi.

Jiwe lenyewe lina kisa. Vitabu vya Kiarabu viliita ithmidi, na katika mapokeo ya Kiislamu ithmidi imesifiwa kuwa hunyoosha uoni na kuotesha nywele za kope. Kwa hiyo wanaume nao walijitia bila haya. Wafasiri walilitafsiri neno hilo kuwa ni antimoni. Lakini wakemia waliopima wanja uliouzwa masokoni katika karne ya 20, kuanzia Uarabuni hadi Bara Hindi, mara nyingi walikuta kitu kingine: galena, yaani madini ya risasi iliyoungana na salfa. Mawe hayo mawili hufanana kwa weusi na kwa mng'aro, na mfanyabiashara hakuwa na njia ya kuyapambanua. Huenda wala hakuona haja.

Wapo wanaojibu kwamba Wamisri wa kale walitumia risasi hiyohiyo na hawakupofuka. Hoja hii ina chembe ya ukweli. Mwaka 1999 watafiti wa Ufaransa waliochunguza vyombo vya vipodozi vya Misri ya kale vilivyohifadhiwa katika makumbusho ya Louvre walitangaza kwamba Wamisri hawakusaga galena tu, bali walitengeneza kwa makusudi chumvi za risasi ambazo ni adimu katika maumbile. Mwaka 2010 maabara ilionyesha kwamba kiasi kidogo mno cha chumvi hizo huzichochea chembe za ngozi zitoe nitriki oksidi, ambayo huamsha ulinzi wa mwili. Habari hiyo ilipokelewa kwa shangwe na wapenda asili. Lakini kuamsha ulinzi wa mwili katika maabara ni jambo moja, na kuingiza risasi mwilini mwa mtoto mchanga kila asubuhi ni jambo jingine. Risasi hudhuru ubongo, na Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chake chochote kuwa salama.

Mji wa Dar es Salaam ulianza kujengwa na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar katika miaka ya 1860, na tangu siku zake za mwanzo ulikusanya Wazaramo, Washomvi, Wamanga, Washihiri na Wahindi. Wajerumani waliufanya makao makuu yao mwaka 1891. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mahali palipokuwa na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza pakabaki na jina la kikosi chao, Carrier Corps, ambalo ndimi za wenyeji zililigeuza likawa Kariakoo. Kisha Waingereza wakaupanga mji kwa rangi za watu: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, na Kariakoo ya Waafrika ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao uliachwa wazi ili kutenganisha makazi kwa kisingizio cha afya.

Wanja ulivuka Mnazi Mmoja bila kuulizwa. Surma ya dukani Uhindini iliingia vyumbani Kariakoo, katika nyumba za Swahili sita zenye ukumbi katikati, na wanja wa manga ulipita kwa Washihiri wenye maduka madogo ya pembeni. Lakini penye harusi au ngoma, mwenye kauli alikuwa somo. Yeye ndiye aliyemfunda mwali kupaka liwa, kujifukiza udi, kuchora hina na kutia wanja bila kutetemeka mkono. Na aghalabu wanja huo ulikuwa wa nyumbani kwake, au wa bibi fulani wa mtaa wa pili anayejulikana kwa jina na kwa ukoo. Wanawake wa vikundi vya lelemama, ambao katika miaka ya 1950 waliitikia wito wa Bibi Titi Mohamed na kuipa TANU nguvu yake katika mitaa ya Kariakoo na Ilala, walijipamba kwa vyombo vya namna hiyo. Chombo kilikuwa na mwenyewe. Jicho likivimba, njia ya kurudi kwa aliyekitengeneza ilikuwa fupi: mtu alivaa kanga zake akaenda kugonga mlango.

Haifai kuupamba wakati ule kupita kiasi. Mlango uligongwa, lakini si lazima uwe mlango wa haki. Ili kufahamu kwa nini, inabidi kuelezwa jinsi mzio, au aleji kama wasemavyo wengi, unavyofanya kazi katika jicho.

Ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko ngozi zote za mwili. Kitu kinachopita bila taabu kwenye kiganja huweza kuiunguza kope kwa siku moja. Wakati mwingine kinachotokea si mzio hata kidogo. Ni mwasho wa kawaida wa kitu kikali, ambao humpata yeyote anayekitumia, huja upesi na huondoka kikiondolewa. Mzio wa jamaa ya pili hutokea kwa dakika: macho hunyea, huwa mekundu, hutoa machozi mepesi na kuvimba, na mara nyingi mwenyewe ana historia ya pumu au mafua ya vumbi. Huu nao hujulikana kwa urahisi, kwa kuwa sababu na tokeo hukaa pamoja.

Ule wa tatu ndio mdanganyifu. Mwili hukutana na kemikali fulani, rangi au manukato au kihifadhi au gundi, na kwa mara ya kwanza hauonyeshi chochote. Huikariri tu. Huweza kuikariri kwa wiki mbili au kwa miaka kumi. Siku ikifika ambapo umeitambua kuwa adui, askari wake hutumwa polepole, na ngozi huanza kuwasha na kuvimba baada ya saa 12 au siku mbili, hata tatu. Mwanamke akijipamba Jumamosi kwa ajili ya harusi, kope humvimba Jumatatu. Jumatatu anakumbuka nini? Anakumbuka pweza aliyekula Jumapili, moshi wa jikoni, au shoga aliyemkazia macho ukumbini. Hawazi wanja, kwa sababu wanja ameutumia tangu usichana na Jumapili nzima haukumfanya kitu. Ndiyo maana neno "nimeuzoea", ambalo wagonjwa wengi hulitanguliza kama kinga, ni neno lisilo na uzito wowote katika mashauri haya. Mazoea ndiyo yaliyoleta ugonjwa.

Si ajabu basi kwamba katika mitaa ya Pwani maradhi haya yalitafutiwa wenyewe miongoni mwa watu, si miongoni mwa vyombo. Uvimbe unaokuja siku mbili baada ya sherehe, usoni, kwa mtu aliyependeza kuliko wenzake, una kila sifa ya hasadi. Ukewenza umewahi kubebeshwa mzigo huo, na mawifi, na hata somo mwenyewe. Hapa historia ya wanja inakuwa pia historia ya tuhuma, na hakuna mtu aliyeziandika tuhuma hizo katika daftari.

Wakati Kariakoo ilipokuwa bado inategemea kidau cha somo, ng'ambo ya bahari kulikuwa kumekwisha kutokea msiba uliobadili sheria. Mwaka 1933 nchini Marekani wanawake walipakwa rangi ya kudumu ya nyusi na kope iliyoitwa Lash Lure. Ndani yake mlikuwa na kemikali ya jamii ya anilini, parafenilenediamini, ambayo hutumika kutia manyoya na nywele weusi. Baadhi ya waliopakwa walivimba macho kupita kiasi. Mmoja alipofuka, na mwingine alifariki dunia. Serikali haikuweza kuiondoa rangi ile madukani, kwa kuwa sheria ya mwaka 1906 ilihusu chakula na dawa na haikutaja vipodozi. Picha za mwanamke aliyepofuka zilionyeshwa hadharani, na mwaka 1938 ikapitishwa sheria mpya iliyovitia vipodozi mkononi mwa serikali. Hata hivyo rangi za nywele zenye kemikali ile hazikupigwa marufuku. Zilitakiwa tu ziandikwe onyo kwamba zisipakwe kwenye nyusi wala kope, kwani huweza kupofusha. Onyo hilo lingali kwenye pakiti nyingi za rangi ya nywele, kwa herufi ndogo na kwa Kiingereza.

Tanzania huru ilianza kulitazama suala la vipodozi kwa jicho la siasa kabla ya jicho la afya. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, uliokusudia kuanzia Januari 1969 kukomesha sketi fupi, nywele za bandia, suruali za kubana na krimu za kung'arisha ngozi, kwa hoja kwamba ni mabaki ya utumwa wa kikoloni. Wasichana walisumbuliwa na magenge ya vijana karibu na kituo cha mabasi cha Kariakoo hata polisi wakaingilia. Wanja haukuwa katika orodha. Ulikuwa wa wazee, wa dini na wa harusi, na hakuna kijana wa chama ambaye angethubutu kumwambia bibi yake kwamba wanja ni ubeberu. Kusamehewa huko kulikuwa heshima; lakini pia kulimaanisha kwamba hakuna aliyeuchungulia.

Jengo la soko la Kariakoo, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, na paa zake za miavuli ya zege zikawa alama ya mji. Miaka iliyofuata ilikuwa ya uhaba. Sabuni ilipangiwa foleni, na penseli ya nyusi ilifichwa kama dhahabu. Mwaka 1984 waliokuwa na fedha zao waliruhusiwa kuagiza bidhaa, na baada ya Ali Hassan Mwinyi kushika urais mwaka 1985, zama za ruksa zikafungua milango. Wafanyabiashara wa Kariakoo walielekea Dubai, kisha katika miaka ya 2000 Guangzhou, na mitaa ya Kongo, Aggrey, Narung'ombe na Sikukuu ikajaa vikasha vya wanja wa penseli, wanja wa maji, maskara na kope za bandia. Mji ambao sensa ya mwaka 1967 iliukuta na watu wasiofika laki tatu ulihesabiwa mwaka 2022 kuwa mkoa wenye zaidi ya milioni tano na laki tatu. Mlango wa kugonga haukuwapo tena. Aliyeuza penseli mtaani kwa sinia alikuwa ameinunua kwa mwingine, ambaye aliinunua kwa mwingine, na maandishi ya kikasha yalikuwa ya Kichina.

Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 ndiyo iliyoweka vipodozi chini ya mamlaka moja pamoja na chakula na dawa, ile iliyojulikana kwa herufi TFDA. Zanzibar ilipitisha sheria yake mwaka 2006. Mwaka 2019 kazi ya vipodozi upande wa Bara ikahamishiwa Shirika la Viwango, TBS, na mamlaka ya zamani ikabaki na dawa na vifaa tiba. Katika miaka hiyo yote jina lililotajwa zaidi lilikuwa mkorogo, yaani krimu zenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi, na kwa haki kabisa, maana madhara yake ni makubwa. Lakini wanja ulipita nyuma ya mkorogo kama ulivyopita nyuma ya sketi fupi.

Kwa ukweli penseli nyeusi ya kawaida, ambayo weusi wake ni wa masizi au oksidi ya chuma, si hatari kubwa kwa watu wengi. Yanayostahili kuogopwa katika Kariakoo ya leo ni mengine, na la mbele ni piko. Piko ni unga mweusi wa nywele ambao wachoraji wa hina wa mwambao waliugeuza wino wa maua ya harusi, na baadaye wa nyusi. Hina halisi hutoa rangi ya kahawia au nyekundu na huchukua saa nyingi. Ikiwa nyusi zimekuwa nyeusi tititi kwa dakika chache, basi si hina. Ni ile kemikali ya mwaka 1933. Imevuka bahari, imebadili jina, na imeliacha onyo lake nyuma. Aliyewahi kuchorwa piko mkononi akatoka malengelenge hapaswi kuigusisha nyusoni abadani, wala rangi ya nywele ya aina yoyote kabla ya kuonwa na daktari, kwa kuwa mwili uliokwisha kuikariri hausahau.

Baada ya piko ni gundi ya kope za bandia. Kope za kubandikwa mojamoja hushikizwa kwa gundi ya jamii ileile ya gundi kali ya mafundi, na mvuke wake peke yake huweza kuwasha macho hata kama gundi haikugusa ngozi. Wengine huwashwa na mpira uliomo katika gundi za kawaida, au na nikeli ya kikunjio cha kope. Na lipo jambo linalowashangaza hata wauguzi: kope huvimba kwa rangi ya kucha. Mkono hautulii, husugua jicho mara nyingi kwa siku, nao ukiwa na kucha mpya, ngozi nene ya vidole hubaki salama na ile nyembamba ya kope ndiyo hulipa. Manukato na rangi ya nywele hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo uchunguzi wa kope zilizovimba hauishii kwenye kope.

Watoto wachanga wana fungu lao katika habari hii, na ni fungu la kusikitisha. Desturi ya kumchora mtoto nyusi nene za wanja na kumtia doa kwenye paji ili kuepusha jicho baya ingali hai Kariakoo, Magomeni na kwingineko. Mtoto hujifuta kwa mkono, na mkono huenda kinywani. Huko Boston mwaka 2011 mtoto mchanga wa wazazi waliotoka Nigeria aligunduliwa kuwa na risasi nyingi katika damu. Chanzo kilikuwa tiro, wanja wa kwao, ambao zaidi ya robo tatu ya uzito wake ilikuwa risasi. Wazazi wale walimpaka kwa mapenzi. Sumu hii haiwashi, haivimbishi, haitoi machozi, na hapo ndipo kipimo cha mwasho kinapoanguka pande zote mbili: wanja unaowasha si kwamba unatibu, na usiowasha si kwamba ni salama.

Januari 2024 Dar es Salaam ilikumbwa na mlipuko wa macho mekundu, ugonjwa unaosababishwa na virusi, na Wizara ya Afya ikawataka watu wanawe mikono na wasijitibu kwa dawa zisizoandikwa na wataalamu. Wiki zile zilionyesha jinsi ilivyo vigumu kwa macho ya kawaida kupambanua. Maambukizi ya virusi huanzia jicho moja kisha huhamia la pili, hutoa majimaji, huleta hisia ya mchanga, na mara nyingi nyumba nzima huugua. Tongotongo zito la njano linalogandisha kope asubuhi huashiria bakteria. Mzio, kwa kawaida, hushika macho yote mawili, huwasha kuliko kuuma, na katika sura yake ya polepole hukaza ngozi ya kope, huifanya iwe na magamba, ikunjamane na kuwa nyeusi kuliko uso. Maumivu makali, ukungu wa kuona au kushindwa kutazama mwanga si mambo ya kusubiri, yatokane na nini. Hayo ni ya hospitali siku hiyohiyo. Na uvimbe unaoshuka midomoni au kubana pumzi ni wa dharura, usiku au mchana.

Tiba ya kwanza ni nyepesi kuitaja na nzito kuitekeleza: kuacha vyote. Si kubadili penseli, bali kuacha wanja, maskara, gundi, krimu ya uso na rangi ya kucha kwa wiki kadhaa, kuosha kwa maji safi na kuweka kitambaa cha baridi. Kinachoharibu mambo ni dawa ya jirani. Krimu za steroidi, zilezile zinazonunuliwa kwa ajili ya mkorogo, hutuliza kope kwa siku mbili na humfanya mtu aamini kwamba amepona. Zikiendelea, ngozi hukonda, na zikiingia jichoni kwa muda mrefu huweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Dawa za matone zenye steroidi ni hivyohivyo. Kope zikishatulia, chombo kimoja hurudishwa kwa wakati mmoja. Kipya hujaribiwa kwanza kwenye kunjo la ndani la kiwiko, mara mbili kwa siku kwa muda wa wiki nzima, si kwa dakika tano mbele ya muuzaji. Piko na rangi ya nywele hazijaribiwi hivyo nyumbani. Kwa aliyewahi kudhurika, jaribio lenyewe ni madhara. Maskara iliyofunguliwa isipite miezi mitatu. Kijiti hakiazimwi, hata kwa dada wa tumbo moja. Masomo wa zamani walilijua hili kwa upande wa uchafu, na hawakukosea.

Wapo ambao baada ya yote hayo hawapati jawabu. Kwao kuna kipimo ambacho daktari Josef Jadassohn alikieleza mwaka 1895, nacho bado kinatumika kwa misingi ileile: vipande vidogo vyenye kemikali mbalimbali hubandikwa mgongoni, huachwa kwa siku mbili, kisha hubanduliwa na ngozi kusomwa, na kusomwa tena baada ya siku nyingine mbili, kwa sababu adui huyu hujitokeza kwa kuchelewa. Tanzania ina wataalamu wa ngozi, na chuo cha Moshi kilicho pamoja na hospitali ya KCMC kimewafundisha wengi kutoka nchi za Afrika tangu mwaka 1992.

Kabla ya kubandika chochote, daktari humtaka mgonjwa alete kila anachojipaka. Mkoba hufunguliwa mezani. Hutoka penseli iliyofutika maandishi, gundi ya kope isiyosomeka, kipakiti cha piko kilichokunjwa kwenye karatasi ya daftari, rangi mbili za kucha, na maskara ambayo hakuna anayekumbuka ilifunguliwa lini. Aghalabu mwishoni hutoka kidau, kilicholetwa na shangazi kutoka Unguja. Hicho peke yake ndicho ambacho mgonjwa anaweza kumtaja aliyekitengeneza, na mtaa anaokaa. Na hicho ndicho kinachostahili kutangulia maabara, kupimwa risasi.